Kipe Kazi Kichujio Kilicholala Kabatini

Anayefuga samaki wa bahari nyumbani hakosi boksi la vifaa visivyotumika: kichujio cha mkebe kilichotoka kwenye tangi la kwanza, kile kidogo cha kuning'iniza ukingoni, pampu mbili tatu, sponji na mipira iliyokakamaa. Dar es Salaam na Mombasa vifaa hivi vingi huagizwa nje kwa bei kubwa, kwa hiyo kuvitupa ni hasara. Lakini kuvifunga vyote kwenye tangi kubwa kwa sababu tu vipo ni hasara zaidi. Tangi la maji chumvi husafishwa hasa na mawe hai, mchanga na skima ya protini. Ukiongeza mkebe wenye sponji na kuusahau, kinyesi na mabaki ya chakula huozea humo. Bakteria hugeuza uozo huo kuwa amonia, kisha naitraiti, kisha naitreti, na naitreti yote hurudi kwa samaki na matumbawe. Kifaa cha akiba kipewe kazi moja unayoijua, kwa muda unaoujua.

Kabla ya kazi yoyote, kifungue chote. Ganda jeupe ndani ya pampu ni kalsiamu kabonati. Loweka sehemu hizo usiku kucha kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Tazama kijiti kinachobeba rota: kikiwa cha seramiki endelea, kikiwa cha chuma kinachoshika kutu, pampu hiyo iache kwenye maji baridi. Mpira wa kuziba mfuniko upake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayafai, kwa kuwa yanaweza kuuvimbisha mpira na kuuharibu. Kama kifaa kilitoka kwenye tangi lililokuwa na ugonjwa, kiloweke kwenye maji yenye jiki, kisuuze mara nyingi, kisha kianike juani mpaka kikauke kabisa. Siki na jiki zisikutane hata kidogo, maana zikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Mwishoni kiendeshe kwenye ndoo usiku mzima ukiwa umetandika gazeti kavu chini yake. Gazeti likilowa, hujamaliza.

Kazi bora ya kichujio cha mkebe ni kubeba mkaa ulioamilishwa. Toa sponji zote na vipande vya seramiki, weka mfuko wa mkaa uliosuuzwa, na juu yake kipande chembamba cha pamba ya kuchujia. Mkaa huondoa rangi ya manjano kwenye maji, harufu, na sumu ambazo matumbawe laini huwarushia jirani zao. Pamba ibadilishwe kila baada ya siku chache, mkaa kila wiki 3 au 4. Mkebe huohuo unaweza kubeba punje za oksaidi ya chuma za kunyonya fosfeti, ila anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na upime maji mara kwa mara, kwa kuwa fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hudhoofika. Mpira wa kuvuta maji usiuzamishe mpaka chini. Ukiishia sentimita chache chini ya uso wa maji, hata ukichomoka usiku hautamwaga tangi zima sakafuni. Kwenye bomba la kurudisha maji toboa kitundu kidogo chini kidogo ya uso, ili hewa iingie na kuvunja mvuto maji yakianza kurudi nyuma.

Kuna hatari ambayo sisi tunaokatikiwa na umeme inatuhusu sana. Mkebe ni chombo kilichofungwa. Maji yakisimama ndani, bakteria humaliza oksijeni iliyomo, hufa na kuanza kuoza. Umeme ukirudi, pampu husukuma maji hayo machafu moja kwa moja tangini. Ukikaa bila umeme zaidi ya saa moja au mbili, chomoa mkebe kwenye soketi, mwaga maji yake na usuuze kilichomo kabla ya kuuwasha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ina thamani kuliko mkebe wowote saa hiyo, kwa sababu maji yenye joto la pwani hushika oksijeni kidogo.

Kichujio cha kuning'iniza kina matumizi mazuri mawili. Ya kwanza ni bustani ndogo ya mwani. Toa katriji, punguza kasi ya maji, weka fungu la mwani wa Chaetomorpha na taa ndogo ya LED juu yake. Mwani hula naitreti na fosfeti, nawe unautoa kwa mkono unapojaa. Taa hiyo iwake usiku, wakati ya tangi imezimwa, na pH haitashuka sana kabla ya alfajiri.

Matumizi ya pili, na kwangu ndiyo ya lazima, ni tangi la karantini. Vimelea vya Cryptocaryon irritans, vinavyoleta madoa meupe, vikishaingia tangi kubwa huwezi kuviondoa bila kuwatoa samaki wote. Wafugaji wengi huacha tangi bila samaki kwa siku 76. Ni nafuu sana kumweka kila samaki mpya wiki 4 hadi 6 kwenye tangi la lita 60, lenye hita, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na kichujio chako cha akiba. Mawe ya matumbawe na mchanga visiingie humo, kwa kuwa hunyonya dawa ya shaba. Mkaa nao utolewe unapotibu, maana huondoa dawa majini.

Hapo wengi hukwama kwenye jambo moja. Sponji iliyolala kabatini haina bakteria hai. Imekauka na wamekufa. Ukiitumia hivyo, amonia itapanda ndani ya siku chache. Iweke sponji safi nyuma ya tangi kubwa au kwenye tangi la chini, penye mkondo wa maji, angalau wiki 4 kabla ya kununua samaki. Ikihitaji kuoshwa, iminye kwenye maji chumvi uliyoyatoa tangini, kamwe si kwenye maji ya bomba yenye klorini. Hata hivyo pima amonia kila siku wiki ya kwanza.

Pampu zilizobaki zipeleke kwenye pipa la maji ya kubadilishia. Anayetumia chumvi ya dukani anahitaji takribani gramu 35 hadi 38 kwa lita, na pampu iizungushe saa 24 kabla maji hayajatumika. Anayechota baharini achote maji yakijaa, mbali na midomo ya mito na mifereji, na asichote masika baada ya mvua kubwa. Ayapitishe kwenye mkebe wenye pamba tupu, kisha apime uzito mahususi wa maji (specific gravity). Tafuta 1.025 au 1.026.

Kila kifaa kiandike kazi yake kwa kalamu isiyofutika. Vilivyotumika karantini viwe na ndoo yao, wavu wao na mahali pao pa kukaukia. Shaba huua konokono, kamba na matumbawe hata ikiwa kidogo sana, na plastiki, sponji na seramiki vinaweza kubaki nayo baada ya kuoshwa. Kifaa kilichowahi kutumika na dawa ya shaba kibaki karantini maisha yake yote.