Hesabu za Kodi kwa Vijana Wetu Walioko Uingereza

Wanachama kadha wametuuliza juu ya watoto wao wenye kujifanyia kazi Uingereza, ambao ni mara yao ya kwanza kupeleka hesabu za kodi kwa intaneti. Mwaka wa kodi kule huisha tarehe 5 Aprili. Kijana ajiandikishe si baada ya 5 Oktoba, apate nambari yake ya tarakimu 10. Hesabu na malipo mwisho ni 31 Januari. Akichelewa hata siku moja, faini ni pauni 100, ijapokuwa hadaiwi kodi; na hili ndilo liwaponzalo wengi. Aandike mapato yote, kisha atoe gharama za kazi, kama sisi tutoavyo ujira wa wachumaji. Risiti asizitupe.