Uuguzi wa Mtoto Mwenye Kisukari cha Aina ya Kwanza: Kuanzia Mlango wa Zahanati hadi Nyumbani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kutambua dalili za kisukari kwa mtoto kabla hazijafikia hatua ya hatari, kueleza hatua za uuguzi katika saa za mwanzo za matibabu, na kumfundisha mlezi namna ya kuendeleza matibabu nyumbani. Mzazi au mlezi atapata humo pia mambo anayopaswa kuyajua na maswali anayostahili kumwuliza muuguzi wake.

Utangulizi

Maradhi ya homoni na ya umetaboli yanayowapata watoto ni mengi. Yamo upungufu wa homoni ya tezi ya shingo unaoanza tangu kuzaliwa, matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D, na hitilafu za tezi zilizo juu ya figo. Somo hili linahusu kisukari cha aina ya kwanza, kwa sababu katika maradhi haya uhai wa mtoto hutegemea kazi ya muuguzi tangu siku ya kwanza anapofikishwa kituoni, na hutegemea mafundisho ya muuguzi huyohuyo kila siku inayofuata.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini hadi zikaisha. Bila insulini, sukari haiwezi kuingia katika misuli na mafuta ya mwili, bali hujaa katika damu. Inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Mtoto hukojoa sana, hupata kiu kali, naye hukonda ijapokuwa anakula. Mwili unaokosa nguvu ya sukari huanza kuyeyusha mafuta yake, na mafuta hayo hutoa ketoni, ambazo ni asidi. Asidi ikizidi, mtoto hutapika, tumbo humuuma, na mapafu hulazimika kuhema kwa kasi na kwa kina ili kuipunguza. Hali hiyo huitwa ketoasidosisi, nayo huua isipotibiwa.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa ya maradhi haya. Mnamo Januari mwaka huo, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mtu wa kwanza mwenye kisukari kudungwa insulini, naye akaishi miaka 13 zaidi. Dawa ipo tangu wakati huo. Mtoto anayekufa leo kwa ketoasidosisi aghalabu hufa kwa sababu ugonjwa haukutambuliwa mapema, au kwa sababu insulini ilikatizwa.

Kwa nini ugonjwa hukosewa

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Binti wa miaka minane, mwenye uzito wa kilo 20, anafikishwa zahanati akiwa na homa kidogo, anatapika na anahema haraka. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha kuwa anayo. Anapewa dawa ya malaria na kiuavijasumu kwa kudhaniwa kuwa ana nimonia pia, kisha anarudishwa nyumbani. Kesho yake analetwa tena akiwa amelegea na ana usingizi mzito. Muuguzi wa zamu anamwuliza mama yake, “Mama, siku hizi anakojoaje?” Mama anajibu kuwa kwa wiki mbili mtoto amerudia kukojoa kitandani, jambo aliloacha tangu akiwa na miaka mitatu, na kwamba sisimizi hukusanyika kwenye shuka zake. Muuguzi anamchoma kidole. Kipima sukari kinaandika herufi HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho kifaa kinaweza kukisoma.

Kipimo cha malaria katika mfano huu hakikudanganya. Binti alikuwa na malaria kweli. Kosa lilikuwa kuridhika na jibu la kwanza. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na wakati huohuo akawa na ugonjwa mwingine unaomwua.

Zipo alama tatu zinazopaswa kumfanya muuguzi asimame na kufikiri upya:

1. *Mtoto aliyekauka lakini anakojoa sana.* Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa mzito wa rangi. Akiwa na macho yaliyodidimia na ulimi mkavu, lakini mkojo wake ni mwingi, sukari ipimwe mara moja.
2. *Kuhema kwa kasi na kwa kina bila kikohozi, na kifua kikisikilizwa ni safi.* Mtoto mwenye nimonia aghalabu huhema kifupikifupi na kukohoa. Mwenye asidi nyingi huvuta pumzi ndefu, na pengine pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.
3. *Kukojoa kitandani kulikoanza upya* kwa mtoto aliyekwisha kuacha.

Sukari ya damu ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi (sawa na miligramu 200 kwa desilita), ikiambatana na dalili hizo, yatosha kumfanya mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asiambiwe arudi kesho akiwa hajala. Ketoni zikiwa nyingi katika mkojo, rufaa ni ya dharura. Aidha, mtoto yeyote aliyelegea au kupoteza fahamu apimwe sukari kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi pale kifaa kinapokuwapo, kwani tone lilelile la damu huonyesha sukari iliyoshuka na iliyopanda, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Saa za mwanzo hospitalini

Hatua ya kwanza ni kumpima uzito, kwa kuwa maji na insulini vyote hukadiriwa kwa kilo. Muuguzi huhakikisha njia ya hewa iko wazi, hutafuta mshipa, na huchukua damu ya vipimo. Mpangilio wa tiba huagizwa na daktari kwa kufuata mwongozo wa hospitali, lakini muuguzi hana budi kuuelewa, kwa sababu yeye ndiye anayekuwa kando ya kitanda.

*Maji hutangulia.* Kwa kawaida huanza dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwa binti wa kilo 20, hiyo ni mililita 200 hadi 400. Maji yanayobaki hurudishwa polepole, kwa saa 24 hadi 48.

*Insulini hufuata.* Huanza angalau saa moja baada ya maji kuanza, kwa kiwango cha uniti 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwa saa. Uniti 50 za insulini ya muda mfupi zikichanganywa katika mililita 50 za maji ya chumvi, kila mililita huwa na uniti moja. Hivyo binti wa kilo 20 aliyeagiziwa uniti 0.1 kwa kilo hupata mililita 2 kwa saa. Dozi kubwa ya insulini ya kuanzia kupitia mshipani haitakiwi kwa watoto.

*Potasiamu huangaliwa kwa makini.* Insulini huisukuma potasiamu kuingia ndani ya chembe, na kiwango chake katika damu kinaweza kushuka hadi kuuvuruga moyo. Kwa sababu hiyo huongezwa katika dripu mara mtoto anapokuwa anakojoa na insulini imeanza.

*Sukari ishuke, lakini isiporomoke.* Ikifikia milimoli 14 hadi 17 kwa lita, glukosi huongezwa katika dripu huku insulini ikiendelea. Hapa makosa hutokea mara nyingi: mhudumu akiona sukari imeshuka, huifunga insulini. Insulini ingali ikihitajika ili kuondoa ketoni, na glukosi ndiyo inayoizuia sukari isishuke mno.

Kila saa muuguzi huandika sukari, mapigo ya moyo, kasi ya kuhema, shinikizo la damu, kiwango cha fahamu, na maji yaliyoingia na yaliyotoka. Daftari hilo ndilo linaloonyesha hatari inayokuja. Maumivu ya kichwa yanayoanza au kuzidi, mapigo ya moyo yanayopungua huku shinikizo likipanda, kutapika kunakorudi, au mtoto aliyekuwa akizungumza kisha akaanza kuchanganyikiwa, ni dalili za ubongo kuvimba. Hali hii ndiyo huua watoto wengi miongoni mwa wanaokufa wakiwa katika matibabu ya ketoasidosisi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, daktari aitwe papo hapo, na manitoli iwe tayari. Majibu ya picha ya kichwa yasingojwe.

Zahanati isiyo na insulini haikosi la kufanya. Dripu ya maji ya chumvi ianzishwe, hospitali ipigiwe simu, na barua ya rufaa ieleze sukari iliyopimwa, saa, na kiasi cha maji yaliyotolewa. Pasipo dripu, mtoto aliye macho na asiyetapika apewe maji ya ORS kidogokidogo njiani.

Kumfundisha mlezi

Mafundisho huanza mtoto akiwa bado wodini, na yagawanywe kwa siku kadhaa, kwani mzazi aliyeambiwa leo kuwa mwanawe atadungwa sindano maisha yake yote hawezi kushika mambo kumi kwa mara moja. Jambo la kwanza ni kumwondolea hatia. Maradhi haya hayakuletwa na peremende wala urithi wa laana, na si ya wazee pekee. Jambo la pili ni kwamba insulini haikatizwi hata siku moja, hata mtoto anapoonekana amepona, na hata familia inapotafuta msaada wa tiba za asili au maombi.

*Bomba la sindano.* Katika mabomba mengi ya uniti 100, kila mstari ni uniti 2, lakini katika yale ya uniti 50 kila mstari ni uniti moja. Mlezi aliyezoea kuhesabu mistari mitano akipewa bomba la aina nyingine, atatoa nusu ya dozi au maradufu yake. Afundishwe kusoma namba, naye aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

*Mahali pa kudunga.* Tumbo, mapaja, makalio na sehemu ya juu ya mikono hutumika kwa zamu. Mahali panapodungwa kila siku huvimba na kuwa pagumu, na insulini hapo haifyonzwi sawasawa. Muuguzi wa kliniki apapase ngozi kila mtoto anapohudhuria.

*Kuhifadhi dawa.* Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala kisigande. Kilichofunguliwa hutumika kwa wiki nne mahali penye ubaridi na kivuli. Pasipo umeme, mtungi mdogo wa udongo huwekwa ndani ya mkubwa, na mchanga uliolowanishwa hujazwa katikati. Kichupa hukaa ndani ya mtungi mdogo, kikiwa katika kopo kavu lenye kifuniko.

*Sukari kushuka.* Chini ya milimoli 4 kwa lita, mtoto hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa, hukasirika au huchanganyikiwa. Apewe gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo. Kijiko cha chai huchukua takriban gramu 4, hivyo mtoto wa kilo 30 huhitaji vijiko viwili katika maji. Apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, asali au sukari iliyoloweshwa ipakwe ndani ya shavu, na akimbizwe hospitali.

*Siku za ugonjwa.* Mtoto mwenye homa huweza kuhitaji insulini zaidi, hata akila kidogo. Apimwe kila saa tatu au nne, apewe maji, na akitapika mara kwa mara apelekwe hospitali.

*Chakula na shule.* Hakuna haja ya chungu cha peke yake. Ugali, wali na ndizi huliwa na familia nzima, kwa kipimo kinacholingana na dozi. Muuguzi aulize kwa upole kama chakula kinapatikana nyumbani kila siku, kwa sababu insulini ya mlo ikidungwa halafu mlo ukakosekana, mtoto huhatarishwa. Mwalimu ajulishwe kuwa mtoto huyu aruhusiwe kunywa maji na kwenda msalani, na kwamba akisinzia ghafla darasani asiadhibiwe, bali apewe sukari.

Muhtasari

Kumwuliza mzazi kuhusu mkojo na kiu, kisha kuchoma kidole, huchukua dakika chache na kunaweza kuokoa uhai. Maji hutangulia insulini, glukosi huongezwa bila kuifunga insulini, na fahamu huangaliwa kila saa. Nyumbani, mlezi aliyefundishwa vizuri ndiye muuguzi wa mtoto kwa siku zote ambazo si za kliniki.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto ana kipimo chanya cha malaria, amekauka, na anakojoa sana. Utafanya nini kabla ya kumruhusu aondoke?
2. Sukari imeshuka kutoka milimoli 28 hadi 15 kwa lita, lakini ketoni zingali nyingi. Insulini ifungwe au iendelee? Kwa nini?
3. Mlezi amepewa bomba jipya la uniti 100 badala ya la uniti 50. Utamwomba akuonyeshe nini?