Jeraha la Mkarafuu: Somo Kutoka Gando



Somo letu la leo linatoka Gando, katika Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba. Ukifika Gando wakati wa msimu wa karafuu utawasikia watu kabla hujawaona. Wako juu ya miti. Na sisi tunaoandika tumo humo humo. Tunachuma karafuu, tunaangua nazi, na msimu ukiisha tunaitwa kukata matawi ya miembe na mifenesi yaliyolalia mapaa ya nyumba. Huko Uingereza watu wa kazi kama hii wana vyuo na vyeti, nao huitwa wapasuaji wa miti, kama daktari anavyoitwa mpasuaji wa wagonjwa. Kwetu hakuna jina kubwa kama hilo. Mtoto huambiwa tu, "Nenda kamwite yule mkwezi."

Tunatoka baada ya sala ya alfajiri. Kila mtu ana kamba yake, kigoe chake na pakacha lake. Mkarafuu mkubwa hupita mita 10 kwenda juu, na karafuu zake ziko kwenye ncha za matawi, mahali pembamba pasipokalika. Tena mti wake hukatika upesi, haupindi kama mpera. Basi mchumaji anayeijua kazi hukaa penye tawi nene, akalivuta lile jembamba kwa kigoe polepole, akalifunga kwa kamba, ndipo akachuma. Akimaliza hulifungua na kulirudisha taratibu.

Hiyo ndiyo njia nzuri. Lakini karafuu haingoji. Inatakiwa ichumwe ikiwa imeanza kuwa nyekundu kidogo na kabla haijafunguka. Ikifunguka thamani yake inaanguka, na ikiachwa kabisa inakuwa mpeta. Na sisi tunalipwa kwa pishi. Ukichelewa kufunga kamba, pishi za mwenzio zinazidi. Ndipo mtu anapovuta tawi kwa nguvu, likasema "ka!"

Huko juu maneno hayakatiki. Aliye chini humwita aliye juu:

"Ami, mbona pakacha halishuki?"

"Nangoja uote mbawa uje ulichukue."

"Mimi n'kipanda mti utalia."

"Utalia kwa njaa, maana muhogo wote ushaumaliza wewe!"

Akija mchumaji mgeni kutoka Unguja, huyo hana raha wiki nzima. "Bwana, huku si ghorofa za Michenzani. Hapa ngazi unajitafutia mwenyewe." Naye hujibu kwamba kwao Unguja watu wana akili, karafuu wamewaachia Wapemba. Kuna ukweli kidogo ndani yake. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa kwao karafuu.

Kijana mmoja katika kundi letu tulimwita Popo, kwa sababu hakuna tawi lililomshinda. Tukimwita, "Popo, umelala?" hujibu, "Mchana ndiyo zamu yangu ya kulala, hamjui?"

Utani huu una kazi yake. Majani ya mkarafuu ni mengi, na aliye chini hamwoni aliye kileleni. Anamjua kwa sauti. Mtu akinyamaza ghafla tunamwuliza, pengine ana kizunguzungu, pengine hajala. Lakini uko mpaka. Mzaha wa kuanguka hatuufanyi mtu akiwa juu, wala habari za nyumbani kwake za kumtia hasira. Hayo yanangoja mpaka ashuke.

Msimu mmoja tulimwita Popo, akaanza kutujibu, na jibu likakatika katikati. Tukasikia tawi, kisha tukamsikia yeye akigonga tawi la chini, kisha ardhi. Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, gari ikampeleka Wete. Alivunjika paja. Alipona, lakini mguu haukurudi sawa, na juu ya mti hapandi tena.

Siku ya tatu tuliurudia ule mti. Popo alikuwa amekanyaga kipande cha tawi kilichobaki shinani, kirefu kama mkono. Kwa nje kilikuwa na gamba zuri kabisa. Ndani kilikuwa cha rangi ya kahawia na kinamumunyika kama unga. Tukaulizana nani alilivunja tawi lile. Haikuchukua muda. Tulilivunja sisi, msimu uliotangulia, katika shamba lile lile. Karafuu zilikuwa zinafunguka, tukavuta. Tuliziokota karafuu zake na tukaenda zetu.

Sasa tujifunze lililotokea ndani ya tawi lile. Tawi likivunjika huacha jeraha lenye nyuzi nyuzi. Maji ya mvua hukaa hapo. Kuvu huingia, jamaa ya ule ukungu unaouona juu ya mkate uliolala. Wataalamu waliochunguza mikarafuu ya Unguja na Pemba miaka ya 1950 walieleza kwamba uko ugonjwa wa kuvu unaoingia kwenye majeraha kama hayo, ukaua tawi na kuteremka kuelekea shinani. Kwa hiyo tawi moja lililovunjwa linaweza kuleta hasara mara mbili: mti unakauka, na mtu anaanguka. Na mche wa mkarafuu huchukua miaka kama 6 au 8 kabla ya kuanza kuzaa. Hesabu mwenyewe umri wa mwanao siku hiyo.

Marekani alikuwapo bwana mmoja wa misitu jina lake Alex Shigo. Alipasua miti maelfu kwa msumeno wa moto ili atazame majeraha yalivyo ndani. Aliona kwamba mti haupoi kama ngozi ya mtu. Mtu akijikata, nyama mpya hujaza mahali pa ile ya zamani. Mti hauwezi hivyo. Unachofanya ni kuujengea ule ubovu ukuta ndani yake ili usienee, kisha unakua na kulifunika jeraha kwa nje. Na mahali penye nguvu ya kujenga ukuta huo ni pale tawi linapotoka shinani. Patazame vizuri, utaona pamevimba kidogo kama pete.

Basi tawi likivunjika, likate hivi. Kwanza kata upande wa chini wa tawi, mbali kidogo na shina, lakini usimalize. Pili, sogea mbele kidogo na ukate kutoka juu mpaka tawi lianguke. Ule mkato wa chini utazuia gamba lisichunike mpaka shinani. Tatu, kiondoe kipande kilichobaki kwa kukikata nje tu ya ule uvimbe. Usiukate uvimbe wenyewe, na usiache kipande kirefu, maana ndicho kilichomwangusha Popo. Tumia msumeno wa mkono wenye meno makali. Panga hupasua. Wako wanaopaka rangi au oili chafu juu ya jeraha. Zamani na sisi tulifanya hivyo, lakini rangi haizuii kuoza. Acha jeraha lipate hewa. Hapa tunasema juu ya tawi tu. Kuukata mkarafuu mzima kunataka kibali, kwa hiyo mwone sheha au bwana shamba kwanza.

Siku hizi, kabla ya kukanyaga tawi, tunaligonga kwa kigoe. Lililo zima hulia kwa ukali, bovu hulia kama dumu tupu. Na tukimaliza mti, ami yetu mmoja anauzunguka na msumeno wake kutafuta yaliyovunjika.

Hapo ndipo palipo na ugomvi. Muda wa kukata matawi hauna pishi. Mwenye shamba mmoja alituambia, "Mimi nimewaita kuchuma, sikuwaita kunyoa miti." Tukamjibu kuwa mti ni wake. Akatujibu kuwa aliyevunja ni sisi. Wote tulisema kweli, ndiyo maana ugomvi haukwisha. Mwingine alikubali kuongeza pishi mbili kwa kila siku ya kazi, na kwake tunakwenda kwanza kila msimu. Sisi tunaona huyo wa pili ana hesabu nzuri zaidi.

Popo siku hizi yuko pamoja na akina mama wakati wa kuchambua, wakitenga karafuu na makonyo juu ya jamvi, baada ya Isha. Mikono yake ni myepesi na mdomo umezidi. Juzi bibi mmoja alimwambia, "Popo gani wewe unayekaa chini?" Akasema, "Bibi, usiku ndiyo zamu yangu ya kufanya kazi. Hamjui?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mchumaji hufunga tawi kwa kamba badala ya kulivuta?

2. Karafuu mbichi kilo 3 zikikauka hubaki karibu kilo 1. Tuseme tawi moja hutoa kilo 6 mbichi kila msimu mzuri. Likivunjika, mwenye shamba amepoteza kilo ngapi kavu katika misimu 5?

3. Kijijini kwenu, tawi likivunjika, nani alipe muda wa kulikata vizuri: mwenye shamba au mchumaji?