Kuhifadhi Hema na Vumbi la Jangwani

Ndugu zetu wengi wa pwani hii wana jamaa zao Omani, khasa katika nchi ya Sharqiya, ambako ndiko asili ya nyumba nyingi za Waarabu wa Unguja na Pemba. Mtu aendapo kuwazuru hupelekwa jangwani kulala siku mbili tatu chini ya hema, naye hajui desturi za mahali pale. Mimi nalikuwa mmoja wao, na somo hili nimeliandika kwa ajili ya usiku mmoja ulionifunza.

Tulipiga hema kando ya mchanga, karibu na Bidiya, katika siku za joto. Nikafanya kama tufanyavyo kwetu: mlango nikauelekeza upepo utokako, ili tupate kupunga hewa. Jioni tulistarehe. Baada ya Isha upepo ukazidi, na kabla ya alfajiri mchanga ulikuwa umeingia katika wali uliobaki, katika maji ya kunywa, katika matandiko, na baina ya karatasi za msahafu niliouacha wazi juu ya marufaa. Mtoto wa ndugu yangu, mwenye ugonjwa wa pumu, alikesha akikohoa, nami nimekaa naye nikimwogopea. Asubuhi mzee mmoja wa Kibedui akalitazama hema letu, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, kwenu upepo watoka wapi?" Nikamjibu: "Watoka baharini." Akasema: "Huu watoka mchangani."

Neno lile ndilo msingi wa somo hili. Vumbi halina miguu; huja kwa upepo, au huletwa na mtu. Basi mwenye kuzijua njia hizi mbili amekwisha pata nusu ya dawa.

FASLI YA KWANZA: KATIKA KUUJUA MCHANGA NA VUMBI

Ramla ya Sharqiya, iitwayo pia Ramla ya Wahiba, urefu wake ni kiasi cha kilomita 180 kutoka kaskazini hata kusini, na upana wake kiasi cha kilomita 80. Upepo wake mkubwa ni huu huu wa kusi waujuao manahodha wetu, nao huvuma kwa nguvu huko tangu mwezi wa Juni hata Septemba. Kwa hiyo mwenye hiari ya safari na aende baina ya Novemba na Machi.

Jua ya kwamba mchanga na vumbi si kitu kimoja. Mwingereza aitwaye Ralph Bagnold, afisa wa jeshi aliyezunguka sana katika majangwa ya Misri na Libya, alitoa kitabu mwaka 1941 akaeleza mwendo wa mchanga. Chembe ya mchanga ni nzito. Upepo huirusha kidogo, ikaanguka, na katika kuanguka kwake ikazirusha nyingine. Kwa hiyo mchanga hwenda kwa kurukaruka karibu na ardhi, na wingi wake huwa chini ya goti la mtu. Ama vumbi, chembe zake ni ndogo mno, hupanda juu, huelea, na hupita katika kila tundu.

Basi dawa ni mbili. Mchanga huzuiwa kwa kizuizi cha chini. Vumbi huzuiwa kwa kupunguza matundu, na kwa kutolichokoza ardhini lilipolala.

FASLI YA PILI: KATIKA KUCHAGUA MAHALI

Usipige hema katika mkondo wa wadi, hata ukiuona mkavu, kwani mvua inyeshayo mbali huleta mafuriko kwa ghafla. Usipige juu ya kilele cha tuta, kwani huko upepo ni mkali zaidi. Wala chini ya upande wake wenye mporomoko, kwani mchanga hushukia hapo. Jiepushe na njia ya magari, na ardhi ya udongo laini ambayo gamba lake limevunjwa na magurudumu. Gamba lile ndilo kifuniko cha vumbi. Likivunjwa, kila hatua hutoa wingu. Mahali bora ni penye changarawe ngumu, na kama pana miti ya ghaf, ambayo huota katika ramla hiyo, kaa upande wake wa demani bila ya kuikata.

Ukifika wakati upepo umetulia, tazama viwimbi vya mchanga. Viwimbi hivyo hukata njia ya upepo, na ule ubavu wake wenye mteremko mpole ndio wa joshini, na ule ulio wima ndio wa demani. Mgongo wa hema uuelekeze joshini, uwe mfupi na wa kulala, na mlango uwe demani. Hivyo ndivyo wafanyavyo Mabedui katika mahema yao meusi ya singa za mbuzi.

Lakini usidhani kuwa demani pana salama kamili. Upepo ukipita hema huzunguka nyuma yake, ukapoteza nguvu, na hapo hutua alichokuwa amekichukua. Kwa hiyo mlango uwe mdogo, nao uwe na mapazia mawili; mtu afunge la nje kabla ya kufungua la ndani.

FASLI YA TATU: KATIKA KULIFUNGA HEMA

Pindo la hema lifike chini, kisha lizikwe kwa mchanga pande zote, khasa joshini. Ikiwa hema halina pindo, tandika turubai pembeni yake na uizike. Kigingi kifupi hakishiki mchangani. Jaza mchanga katika kifuko, kifunge kamba, kizike kwa kina cha mkono, ndipo uifunge kamba ya hema.

Mahema mengi ya siku hizi yana kuta za wavu kwa ajili ya mbu. Wavu humzuia mbu, haulizuii vumbi. Basi uchague hema ambalo wavu wake hufunikwa kwa kitambaa kizima, au ushone shuka ya pamba kwa ndani. Ukipata maji ya kutosha, ilowanishe shuka hiyo. Vumbi hunasa katika unyevu, na hewa hupoa. Zipu zipigwe brashi kila jioni, wala zisitiwe mafuta, kwani mafuta hukusanya vumbi.

Tena weka uzio mbele ya hema, upande wa joshini. Hapa sisi watu wa makuti tuna ilimu yetu: ua wenye nafasi ni bora kuliko ukuta mzima. Ukuta mzima huurudisha upepo kwa kishindo ukazunguka; ua wenye nafasi huupunguza nguvu, na mchanga ukaanguka hapo. Ukiwa na kimo cha mita moja, uweke mbali na hema kiasi cha mita tano au sita, ili mchanga utue baina yao, usitue juu ya pindo lako.

FASLI YA NNE: KATIKA MAMBO YA NDANI

Sehemu kubwa ya vumbi la ndani huletwa na miguu yetu wenyewe. Tandika jamvi nje ya mlango, vueni viatu hapo, mkung'ute nguo kabla ya kuingia. Chakula kiwe katika mikebe yenye vifuniko, maji yafunikwe, na msahafu uvikwe mfuko na uwekwe juu ya sanduku. Usikung'ute matandiko ndani, bali futa kwa kitambaa chenye unyevu. Mwenye pumu alale mbali na mlango, dawa yake iwe karibu naye, na kitambaa chembamba kiwe juu ya pua na kinywa.

Na hili ni kubwa kuliko yote: ukiisha kuziba matundu, usiingize makaa ya moto ndani, wala jiko, hata kukiwa na baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu hali wamelala. Basi daima acha tundu la juu upande wa demani. Afadhali vumbi kidogo kuliko kukosa pumzi.

FASLI YA TANO: KATIKA MAS-ALA YANAYOHUSU VUMBI

Vumbi asili yake ni tohara. Mtu asimalize maji ya kunywa kwa kufua nguo kwa wasiwasi. Yakini haiondolewi na shaka.

Mwenye kufunga, vumbi la njia likimfika ndani, saumu yake haibatiliki, kwa kuwa ni uzito kujiepusha nalo.

Upepo mkali wa usiku ni udhuru wa kuiacha sala ya jamaa. Mtu na asali hemani mwake.

Aliyekosa maji, baada ya kuyatafuta na wakati kuingia, atayamamu kwa udongo tohara wenye vumbi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mchanga usio na vumbi hautoshi. Ama akipiga mikono juu ya jamvi au nguo yenye vumbi tohara, yatosha. Tazama basi: kile kile tukifukuzacho mlangoni chaweza kuwa haja yetu wakati wa sala.

KHATIMA

Usiku wa pili tuligeuza hema kama alivyotuonyesha mzee yule, tukazika pindo, tukaacha viatu nje. Upepo ulivuma kama jana yake. Vumbi kidogo liliingia, kwani haliishi lote. Lakini mtoto alilala hata adhana ya alfajiri, na asubuhi wali wetu ulilika.

MASWALI YA MWANAFUNZI

1. Ni ipi tofauti ya mwendo wa mchanga na mwendo wa vumbi?
2. Utaijuaje joshini kwa viwimbi, ikiwa upepo umetulia?
3. Kwa nini ua wenye nafasi ni bora kuliko ukuta mzima?
4. Kwa nini tundu la juu lisizibwe?
5. Ni mchanga gani usiofaa kwa kutayamamu?