SOMO LA FAMILIA: TINDIKALI INAYOFUNGUA UDONGO



Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na kila kizazi kimepika kwa kuni. Mama zetu wa Rubondo wanajua urefu wa njia ya kutafuta mzigo mmoja. Kwa hiyo inatuuma tunapopanda miche wakati wa mvua, kisha tunaikuta imedumaa, majani yake yamekuwa ya zambarau.

Mara nyingi rangi hiyo ni dalili kwamba mche umekosa fosforasi, chakula kinachosaidia mizizi kukua. Lakini fosforasi inaweza kuwemo udongoni! Katika udongo mwekundu uliochoka, chuma na alumini huishika kwa nguvu. Ni kama unga uliofungiwa stoo, na ufunguo haupo.

Ufunguo ni tindikali za mimea, kama ile iliyomo ndani ya limau. Mizizi yenyewe huzitoa kidogo kidogo. Mti wa grevilea, uliotoka Australia, huota vishada vya mizizi midogo inayotoa tindikali hizo kwa wingi. Majani mabichi yanapooza udongoni, nayo huzitoa. Tindikali hukamata chuma na alumini, na fosforasi huachiliwa.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Maseno, magharibi mwa Kenya, walijaribu pamoja na wakulima majani ya titonia, lile alizeti la mwituni lenye maua ya manjano na majani machungu. Mahindi yaliongezeka. Lakini kilo 100 za majani makavu zina fosforasi isiyofika nusu kilo. Basi majani hufungua stoo, hayaijazi. Ili kuijaza, tuongeze samadi, au mifupa iliyochomwa na kutwangwa.

Tufanye hivi:

1. Kwa vifuko vya miche, tuchanganye ndoo 3 za udongo wa juu na ndoo 1 ya mboji iliyoiva. Udongo ukiwa mzito, tuongeze ndoo 1 ya mchanga.

2. Shambani, tuchimbe shimo wiki 3 kabla ya kupanda. Tukatekate titonia mbichi, tuichanganye na udongo wa juu na samadi, kisha turudishe shimoni. Tusipande mapema, maana majani yanayooza hutoa joto linalounguza mizizi.

3. Siku ya kupanda, tuondoe kifuko bila kukata mizizi myembamba. Hiyo ndiyo inayotoa tindikali.

Tunawaonya pia. Sisi wenyewe tulidhani maji ya limau yatafanya kazi haraka. Tuliyamwaga kwenye miche, ikanyauka. Tindikali nzuri hutoka polepole. Tena, mche uliokosa maji au ulioliwa na mbuzi hauponywi na majani. Tuanze na maji na uzio.

Katika Luka 13:6-9, mtunza shamba hakukubali mtini usiozaa ukatwe upesi. Aliomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kutia mbolea. Nasi tusiseme upesi kwamba ardhi hii haifai.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Titonia inaota wapi karibu nasi?
– Miche yetu iliyokufa, ilikosa maji, uzio au chakula?
– Nani atachimba mashimo kabla ya mvua ijayo?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.