SOMO LA MADEREVA NA MAFUNDI: KILOMITA ELFU MOJA ZA KWANZA



Somo hili tunawaandikia hasa madereva, utingo na mafundi wa magari. Lakini hata mchumaji wa chai anayesubiri lori lije kuchukua majani yake, au mfanyakazi wa kiwandani anayerudishwa nyumbani usiku na basi la kazi, lina faida kwake. Tutaeleza namna ya kuizoeza kazi injini iliyofunguliwa yote, ikatengenezwa na kufungwa upya. Hapa Bujumbura kazi hiyo tunaiita rodaji.

Ukipita mtaa wa Buyenzi utaziona injini zimelazwa chini, mafundi wamezizunguka. Magari mapya ni ghali kwa watu wetu, kwa hiyo injini moja hufunguliwa mara ya pili na ya tatu. Fundi anaweza kufanya kazi safi kabisa, kisha kazi hiyo ikaharibika kwa wiki mbili tu kwa sababu ya namna gari lilivyoendeshwa. Likishaharibika, mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Basi inafaa dereva aijue rodaji, na inafaa pia rodaji iandikwe kwenye karatasi kabla gari halijatoka gereji.

1. NDANI YA INJINI KUMETOKEA NINI

Fundi akichonga silinda upya, haiachi ikiwa laini kama kioo. Huikwaruza kwa jiwe maalum, akaacha mikwaruzo myembamba inayopishana kama ukili wa mkeka. Mikwaruzo hiyo ina kazi mbili. Ncha zake zinazisugua ringi za pistoni mpaka ringi na ukuta wa silinda vishikane sawasawa. Mabonde yake yanahifadhi oili.

Mafuta yanapowaka juu ya pistoni, mgandamizo wa moto ule huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje, ikabana ukuta. Maana yake ni kwamba ringi hubana vizuri injini inapofanya kazi. Injini inayounguruma tu bila kuvuta kitu, ringi zake zinabana kidogo sana.

Hapo ndipo penye makosa mawili ambayo watu huyafanya.

Kosa la kwanza ni kuitesa. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda kuna nafasi ndogo mno, sehemu chache za mia za milimita moja. Vitu vipya vinasuguana kwa nguvu na kutoa joto. Ukiibebesha injini mzigo mzito siku ya kwanza, pistoni inavimba kwa joto, nafasi ile inakwisha, na pistoni inakamata.

Kosa la pili ni kuibembeleza. Wako wanaodhani kwamba injini mpya inatakiwa iachwe iungurume polepole saa nzima chini ya mwembe. Ringi hazibani, ncha za mikwaruzo hazisagiki, na oili inaungua ukutani na kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Ngozi hiyo ikishajaza yale mabonde, ringi zitateleza juu yake siku zote. Gari litatoa moshi wa buluu na kula oili, na mara nyingi dawa yake ni kufungua injini tena. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Chungu kipya hakitiwi kwenye moto mkali siku ya kwanza, lakini hakikomai kikikaa kabatini. Injini nayo ni hivyo: inataka kazi, lakini kazi ya kipimo.

2. KABLA YA KUWASHA

Tumia oili ya kawaida yenye uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari. Oili za sintetiki zinateleza mno kwa siku hizi za kwanza, zingoje. Filta mpya itiwe oili kabla ya kufungwa, kama namna ilivyokaa inaruhusu. Radieta ijazwe maji na hewa itolewe.

Kisha kata mafuta au moto wa plagi, ili injini izunguke bila kuwaka. Izungushe kwa stata sekunde kumi kumi, ukipumzika katikati, mpaka taa ya oili izimike au mshale wa geji upande. Injini ambayo oili haijafika kwenye beringi huzila beringi hizo katika dakika ya kwanza.

3. NUSU SAA YA KWANZA

Iwashe huku ukiitazama taa ya oili. Isipozimika kwa sekunde chache, zima injini na utafute sababu.

Injini za petroli za mtindo wa zamani, ambazo kemshafti yake inasukuma tapeti bapa, zisiachwe ziungurume chini. Zipandishwe mara moja hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na zikae hapo, juu kidogo na chini kidogo, kwa dakika 20. Kemshafti ya namna hiyo hupata oili kwa kurushiwa, na injini ikizunguka polepole oili inayorushwa ni kidogo. Injini nyingine zinatosha dakika chache za kukagua kama oili na maji havivuji, halafu ziende barabarani. Dizeli kubwa zina vipimo vyake katika kitabu.

Baadaye zima, acha ipoe, angalia tena oili na maji. Kuhusu boliti za hedi, fuata kitabu: gasketi nyingine zinadai boliti zikazwe tena, nyingine zinakataza.

4. KILOMITA MIA MOJA ZA KWANZA

Chagua njia. Kutoka Bujumbura tunashauri barabara ya kando ya ziwa kuelekea Kabezi na Rumonge, au barabara ya Cibitoke katika tambarare ya Imbo. Usiende barabara namba 1. Barabara ile inaondoka mjini penye mita zisizofika 900 kutoka usawa wa bahari na kupanda mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 35 tu. Ni gia ndogo mfululizo, upepo haba kwenye radieta, na joto lisilopumzika.

Ukiwa tambarare, gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, fanya hivi. Ukiwa kwenye gia ya tatu au ya nne, toka kilomita 40 kwa saa hadi 70 kwa mguu imara, bila kukanyaga mpaka chini. Kisha ondoa mguu kabisa, uiache injini ilizuie gari mpaka lirudi 40. Rudia mara kumi hadi ishirini. Unapokanyaga, ringi zinabana ukuta. Unapoachia, pistoni inavuta oili juu, na oili hiyo inapoza na kuosha unga wa chuma. Fanya hayo penye barabara tupu tu. Penye watoto wa shule, waenda kwa miguu na wenye baiskeli zilizopakia ndizi, rodaji isubiri.

5. MPAKA KILOMITA ELFU MOJA

- Usiendeshe mwendo mmoja kwa muda mrefu. Badilisha badilisha.
- Injini ya petroli isipite mizunguko 3,000 hadi 3,500 kwa dakika.
- Usiilazimishe kuvuta kwenye gia kubwa huku ikitetemeka. Shusha gia.
- Usivute trela. Mzigo uwe nusu mwanzoni, uongezwe kidogo kidogo.
- Usiiache ikiunguruma bure. Katika miaka ya uhaba wa mafuta, madereva wengi walilala kwenye foleni za vituo. Kwenye foleni kama ile, injini iliyofungwa upya izimwe.
- Mafuta ya kwenye bidoni yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, na ya chini yasimiminwe. Maji na taka hukaa chini.

Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa vyovyote isipite kilomita 500, pamoja na filta. Imwagwe tena kilomita zikifika kama 1,500. Fundi aipasue filta kuukuu na kuitazama. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa, au vyenye rangi ya shaba, ni beringi zinalia. Gari lirudi gereji siku hiyo hiyo. Nafasi za valvu zipimwe upya pia, kwa injini zinazohitaji.

Kwa dizeli za malori tunaongeza neno moja: dizeli inachelewa kuzoea, na inachukia kuunguruma bure kuliko petroli. Ipe mzigo wa wastani mapema, lakini usiipe mlima.

6. LORI LA MASHAMBANI

Hapa kuna taabu ya kweli. Lori la chai la Teza au Rwegura likitengenezwa Bujumbura, lazima lipande milima ndipo lifike kwao. Na majani ya chai hayasubiri: yakikaa kwenye magunia yanapata joto na kuharibika, yanatakiwa kufika kiwandani siku ile ile. Kwa hiyo msimamizi humwambia dereva, "Panda leo, wachumaji wanangoja."

Tunajua kwamba mchumaji anayelipwa kwa kilo ana haki ya kungoja lori. Lakini lori likikamata pistoni njiani, atalikosa wiki nyingi. Afadhali siku mbili au tatu za tambarare: lori litembee kilomita 300 au zaidi huku chini likichukua mizigo midogo ya Imbo. Halafu lipande tupu, alfajiri kukiwa na baridi, likipumzika mara mbili au tatu njiani. Siku hizo zipangwe mapema, na lori jingine litafutwe, badala ya kumwachia dereva mmoja achague kati ya injini na majani ya wenzake.

7. NANI ANAPANGA, NANI ANALIPA

Injini ikifa, maneno ni mengi. Mwajiri anasema dereva aliiua. Dereva anasema alitumwa. Fundi anasema aliionya. Hakuna karatasi, na mshahara unakatwa.

Tunashauri kila gari linalotoka kwenye matengenezo makubwa liwe na karatasi ya rodaji, nakala tatu: ya fundi, ya dereva, ya mkuu wa magari. Iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye saa ya gari, vipuri vilivyobadilishwa, oili iliyotiwa, kilomita za kumwaga oili, mzigo wa juu kabisa na njia zisizoruhusiwa mpaka kilomita 1,000. Wote watatu watie sahihi. Dereva akiamriwa kupita kipimo hicho, amri iandikwe humo humo na jina la aliyeitoa.

Kuhusu kukatwa mshahara, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 unasema kwamba mshahara hukatwa tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa mpatanishi. Hasira za bosi si mojawapo ya hayo. Sheria ya kazi ya Burundi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2020. Mjumbe wenu awe na nakala yake, na muisome pamoja kabla ya kwenda ofisini.

Nasi upande wetu tuwe wakweli. Dereva anayepakia magunia yake ya siri jioni, au anayepiga mbio ili apate saa ya kulala, anaua injini na anawafunga midomo wenzake watakaotaka kumtetea. Karatasi ile inamlinda aliyeifuata.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini injini iliyofungwa upya inaharibika ikiachwa iungurume saa nyingi bila kazi?
2. Kutoka mahali penu pa kazi, ni barabara ipi inayofaa kwa kilomita mia za kwanza? Ni ipi isiyofaa, na kwa nini?
3. Mwajiri anakataa kununua oili ya kilomita 500. Pigeni hesabu: lita ngapi za oili, kwa bei ya kwenu, zinalingana na gharama ya kufungua injini mara moja?
4. Mara ya mwisho injini ilipokufa kazini kwenu, nani alilipa? Kulikuwa na karatasi gani?

Jibu la swali la nne mliandike, mlipeleke kwa mjumbe wenu kabla gari jingine halijaingia gereji.