NYIGU DUME WA MKUYU

Mtu akipasua kuyu lililokaribia kuiva, aghalabu huona vidudu vikitambaa ndani yake, naye hulitupa akidhani ya kuwa limeoza. Halikuoza. Vidudu hivyo ni nyigu wa mkuyu, ambao wataalamu humwita Ceratosolen arabicus. Na wale wa rangi ya manjano wasio na mabawa ndio madume.

Kwanza yafaa kujua jinsi dume alivyoumbwa miongoni mwa nyigu kwa jumla. Mwiba wa nyigu ni kiungo cha jike, nao asili yake ni mrija wa kutagia mayai. Kwa hiyo dume hana mwiba wa sumu. Mahali pake, mwishoni mwa tumbo, yeye ana uume. Ndani zimo korodani, mirija ya kupitishia mbegu za uzazi, vifuko vya kuziwekea, na tezi zitoazo maji ya kuzichukua. Jike akiisha kupandwa huziweka mbegu hizo katika kifuko chake. Yai lipatalo mbegu huwa jike. Lisilopata huwa dume. Ndiyo maana nyigu dume ana babu mzaa mama, lakini hana baba.

Sasa turudi ndani ya kuyu. Maua ya mkuyu hayaonekani nje kwa kuwa yamefichwa ndani ya tunda lenyewe. Jike hutaga mayai yake katika baadhi ya maua hayo, na kila ua lililotagiwa hufura likawa kijumba cha mtoto mmoja. Madume hutoka kwanza. Macho yao ni dhaifu mno, lakini meno yao ni makali, na tumbo lao ni refu, hujikunja na kujinyosha mfano wa darubini ya nahodha. Dume hupapasa mpaka akapata kijumba cha jike, akakitoboa, akaingiza ncha ya tumbo lake na kumpanda jike angali amefungiwa humo. Bibi arusi hajapata hata kutoka nje!

Kazi haikuishia hapo. Madume hukusanyika wakatoboa ukuta wa kuyu kwa meno yao. Majike hutoka katika vijumba vyao, hujaza unga wa maua katika vifuko vya kifuani, wakapita katika tundu hilo na kuruka kutafuta mkuyu mwingine. Madume hawana safari. Hufa mumo humo, au huanguka chini wakaliwa na siafu. Tundu lisipotobolewa, majike hufia ndani na unga wao, na mkuyu wa pili haupati mbegu kwao.

Mambo haya yalichunguzwa katika Afrika ya Mashariki na J. Galil na D. Eisikowitch, waliotangaza habari zake mwaka 1968. Hasara ya kumkosa mdudu huyu yaonekana Misri, ambako mikuyu imepandwa tangu zamani za Mafirauni, lakini nyigu huyu hayuko. Makuyu ya huko hayana mbegu ziwezazo kuota. Wakulima wake hupanda vipande vya matawi, na tangu kale waliyachanja makuyu mabichi kwa kisu, moja moja, ili yapate kuvimba na kuiva.